Barua ya wazi kwa mnaosimamia chakula cha shule: watoto wanashiba lakini damu hawana

Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), Waziri wa Elimu, Waziri wa Afya, wakuu wa mikoa, wakurugenzi wa halmashauri na maafisa lishe wote mnaokaa kwenye vikao vya tathmini ya lishe,

Waheshimiwa, shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine poleni na majukumu. Mi ni mama, nauza nafaka soko la Makambako mkoani Njombe, mahindi na maharage ndo yanayosomesha wanangu, na wazazi wenzangu wamenichagua niwe mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wanaposoma hao wanangu. Naandika hapa hadharani kwasababu hili jambo nimelisema kwenye kamati, nikalisema kwenye mkutano wa mtaa, likaandikwa kwenye muhtasari na muhtasari ukawekwa kabatini.

Ishu yenyewe ni hii. Shule inajaza taarifa ya chakula, na kinachotakiwa kwenye taarifa ni kwamba shule inatoa chakula au haitoi, na wanafunzi wangapi wanakula. Shule yetu inajibu inatoa. Na ni kweli, hatudanganyi, saa saba mchana sufuria linaepuliwa na watoto wanapanga foleni na vibakuli vyao. Ila hamna hata sehemu moja ya kuandika ndani ya lile sufuria mlikuwa na nini. Jumatatu kande, yani mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa na maharage. Jumanne ugali na maharage ambayo mchuzi ni mwingi kuliko maharage yenyewe. Jumatano kande, Alhamisi ugali maharage, Ijumaa kande tena. Mboga ya majani hamna, tunda hamna, dagaa ndo kabisa, mafuta ni yale ya kukaangia kitunguu kama hela ya mwezi huo ilitosha. Huyo mtoto tumbo limejaa na mwili wake bado una njaa, ile ambayo wataalamu wenu wanaiita njaa iliyofichika, yani anakosa madini ya chuma, zinki, madini joto, vitamini A, foliki asidi, B12, vitu ambavyo vinatakiwa kidogo sana lakini visipokuwepo mtoto anabaki nyuma kwa kila kitu.

Kuna binti wa jirani yangu, yuko darasa la tano. Huyu mtoto alikuwa anakula shuleni kila siku, mama yake alichangia debe lake la mahindi na maharage mapema kabisa, hana deni. Mwaka jana walimu wakaanza kulalamika anasinzia darasani, akikimbia kidogo anahema, kwenye michezo anakaa pembeni. Wakamuona anakula chaki, alafu anabandua udongo wa ukuta wa choo anakula. Akachapwa, akaambiwa ana tabia mbaya. Mdogo wangu ni nesi, alikuja likizo akamuona pale nyumbani, akamvuta kope la chini na kumuangalia viganja, akasema huyu mtoto hana damu na kula udongo ni dalili yake, mpelekeni akapimwe leo leo. Zahanati ya kwanza walikuwa na kimashine cha kupima damu ila vile vipimo vyake vimeisha. Wakaenda kituo kingine, damu ilikuwa 7. Kwa mtoto wa umri ule inatakiwa isipungue 11.5. Sasa waheshimiwa, kwenye taarifa zenu huyu mtoto yuko upande wa mafanikio, ni mwanafunzi anayepata chakula shuleni.

Naomba muangalie namba zenu wenyewe. Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukashuka hadi 34 mwaka 2015/16, na 2022 ukafika 30. Hiyo ni kazi kubwa na nawapongeza kwa moyo mweupe. Sasa kwenye tafiti hizo hizo shukeni mstari wa upungufu wa damu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Mwaka 2010 asilimia 59. Mwaka 2015/16 asilimia 58. Mwaka 2022 asilimia 59. Miaka kumi na mbili haujasogea popote! Tumejenga vituo vya afya, tumesaini mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wanapimwa nayo, watoto wanarefuka kuliko zamani, ila damu yao iko palepale. Na hao waliopimwa 2015 leo wako shule za msingi na sekondari, ndo hao wanaopanga foleni ya kande.

Na huku kwetu aibu ni kubwa zaidi. Huo utafiti wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa karibu asilimia 57, Njombe 50, Rukwa karibu 50. Hii ndo mikoa inayolisha nchi, malori yanapakia mahindi hapa Makambako usiku na mchana, mi mwenyewe nayaona na mengine nimeyapakia. Kwahiyo yule anayesema watoto wana hali hii kwasababu hakuna chakula hajawahi kufika kwetu. Chakula kipo, tena kingi, ila ni cha aina moja.

Mtoto akishatimiza miaka mitano ni kama anatoka kwenye madaftari yenu, na hapa naomba mnisome taratibu. Akiwa mdogo anapimwa uzito kliniki kila mwezi, na Juni na Desemba kwenye Mwezi wa Afya na Lishe ya Mtoto anapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Akifikisha mitano matone basi, kadi ya kliniki inawekwa kwenye kopo la nyaraka, na tafiti hizo nilizozitaja hazimpimi damu tena. Halmashauri zimeagizwa zitenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya lishe, na ni agizo zuri, ila wa miaka sita, wa miaka tisa, wa miaka kumi na mbili, hana hela aliyotengewa hapo. Anakuja kuonekana tena akishakuwa mwanamke, anapopimwa kwenye kundi la miaka 15 hadi 49 ambalo 2022 asilimia 42 walikutwa na upungufu wa damu, au anapofika kliniki ana mimba damu iko chini na kila mtu anakimbizana. Miaka yote kumi ya katikati alikuwa wapi? Alikuwa shuleni. Siku tano za wiki alikuwa mbele ya mwalimu, mbele ya mpishi, mbele ya sufuria la serikali na wazazi. Hakuna kundi rahisi kulifikia kama hili nchi nzima, wamejileta wenyewe, wamevaa sare na wanaitwa majina kila asubuhi.

Sasa nije kwenye mashine ya kusaga maana hapa ndo kazi yangu ilipo, nafaka naifahamu.

Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye chakula mnazo tangu 2011. Unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani unatakiwa uongezwe chuma, zinki, foliki asidi na B12, mafuta ya kula yaongezwe vitamini A, na chumvi ilishaanza kuwekwa madini joto kabla ya hapo, miaka ya 90. Wenzetu Kenya nao walitunga sheria yao 2012. Safi. Ila unga wa pakiti unaliwa na nani? Unaliwa mjini. Mahindi ya shule yetu hayapiti kiwandani hata siku moja. Mzazi anatoa debe shambani kwake, linafika stoo ya shule, mpishi na mlezi wa chakula wanalipeleka mashine ya jirani, linakobolewa, linasagwa, linarudi. Ya kande ndo yanakobolewa tu yanarudi. Sheria yote ya urutubishaji imepita juu ya kichwa cha huyu mtoto kwasababu imeandikwa kwa ajili ya unga ulionunuliwa dukani, na shule nyingi za vijijini chakula chake hakinunuliwi, kinachangwa.

Alafu kukoboa. Sehemu kubwa ya chuma, zinki na vitamini B za punje ya mahindi iko kwenye ganda na kiini. Ukikoboa, vingi vinatoka vinakuwa pumba. Pumba inabaki mashineni, inauzwa, inalisha nguruwe na kuku. Kwahiyo nguruwe wa mtaani kwetu wanakula chuma na zinki, na watoto wa shule wanapewa kile cheupe kilichobaki ambacho ni wanga. Na nasema hili nikijua kabisa kwamba hata wazazi wenyewe ndo wanataka sembe nyeupe, ukiwaambia dona, ile isiyokobolewa, wanasema hicho chakula cha jela, mpishi naye anasema watoto hawamalizi. Hilo ni la kuelimishana na linawezekana, ila linahitaji kauli kutoka juu, mwalimu mkuu peke yake hawezi kubishana na wazazi mia tatu.

Na dona nayo sio ya kurukia tu. Mahindi yakiwa na sumukuvu, yani sumu inayoletwa na ukungu, ile sumu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwahiyo ukisaga dona ya mahindi mabovu unamlisha mtoto sumu yote. Tunakumbuka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Na tuseme ukweli, wako wazazi ambao debe la shule ndo wanapeleka yale waliyoyatenga, yaliyooza oza, yaliyonyeshewa, mazuri wanatuletea sisi wafanyabiashara tuwape hela. Kwahiyo kabla ya kusema dona kila shule lazima kuwe na mtu anayekagua mahindi yanapopokelewa, turubai la kuanikia, na kipimo cha unyevu. Kipimo cha unyevu sisi wafanyabiashara tunacho, kinashikwa mkononi, sioni kwanini kata nzima yenye shule kadhaa isiwe nacho kimoja.

Kuna kifaa wanakiita dosifaya, kinafungwa kwenye mashine ndogo ya kusaga, kinapima kile kirutubishi cha unga na kukidondosha kidogo kidogo kadiri mahindi yanavyosagwa. Sio ndoto, kuna mashine hapa hapa Tanzania zimeshafungiwa. Yani ile ambayo tulikuwa tunaambiwa ni ya viwanda vikubwa tu, inafanyika kwenye mashine ya mtaani yenye ubao wa "kusaga na kukoboa". Ombi langu la kwanza kwenu ni hili: kila halmashauri ichague mashine zinazosagia shule, zifungiwe kifaa hicho, kirutubishi kilipiwe na halmashauri kwa mahindi ya shule tu, na TBS, Shirika la Viwango, ambao ndo wamepewa kazi ya usalama wa chakula tangu 2019 wapite kukagua. Rwanda wameshaanza kuwapa wanafunzi unga wa mahindi usiokobolewa na uliorutubishwa juu yake. Sisi tunaowauzia majirani mahindi tunashindwaje?

Ushahidi kwamba hivi vitu vinafanya kazi kwa mtoto wa shule tunao hapa nyumbani, hatuhitaji kuusubiri utoke nje. Mpwapwa, mkoani Dodoma, wanafunzi mia kadhaa wa shule za msingi waliwekwa kwenye jaribio, wengine wakapewa kinywaji kilichoongezwa vitamini na madini, wengine kinywaji kama hicho hicho ila hakina kitu, kwa miezi sita. Wataalamu wa Taasisi yetu ya Chakula na Lishe walikuwemo, na matokeo yalichapishwa 2003. Waliopata virutubishi hali ya chuma na vitamini A mwilini ilikuwa nzuri kuliko wenzao, na waliongezeka uzito na urefu zaidi. Miezi sita tu! Hiyo taasisi ipo tangu 1973, iliundwa kwa sheria ya Bunge, ina watu wanaojua hivi vitu kuliko mimi mara elfu. Kinachoniuma ni kwamba ujuzi wao haujafika kwenye jiko letu la mabati.

Maana vingine havihitaji hata hela, vinahitaji mtu aje amuelekeze mpishi. Mahindi na maharage vina kitu kinachoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini, kwahiyo hata kile chuma kidogo kilichomo kwenye maharage kingi kinapita tu. Ukiloweka maharage usiku kucha na kumwaga yale maji, hicho kizuizi kinapungua, na maharage yanaiva haraka. Na serikali imekataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kupikia kuni na mkaa tangu mwanzoni mwa 2024, shule zinahangaika na gharama za gesi na majiko, na baadhi zimeanza kupunguza maharage kwasababu yanakula sana moto. Kumbe kuloweka tu kungewasaidia pande zote mbili. Nani amewaambia wapishi? Wapishi wetu ni kina mama wawili wanalipwa kwa michango ya wazazi, miezi mingine hawalipwi, na tangu wameanza kazi hawajawahi kuitwa kwenye mafunzo yoyote.

Chai pia. Huku kwetu ni baridi na mashamba ya chai yanatuzunguka, mtoto anakunywa chai ya rangi asubuhi, mchana akimaliza kula anapewa tena kikombe cha chai wanasema apate joto. Chai inazuia chuma kwenye kile chakula alichotoka kula sasa hivi. Isogezeni chai mbali na mlo, hapo karibu na sahani wekeni tunda lenye vitamini C, chungwa, pera, papai, hata nyanya mbichi, ambalo lenyewe linasaidia kile chuma cha maharage kiingie. Kitu kidogo hivi hakijaandikwa kwenye ukuta wa jiko lolote nililoingia mimi.

Na sasa niseme la parachichi maana nisipolisema sitalala. Njombe inasifika kwa parachichi, makontena yanaondoka kwenda Ulaya na India, viongozi mnakuja kuzindua na kupiga picha, na sisi tunafurahi maana hela imeingia. Ila kila msimu kuna yale yanayokataliwa na wanunuzi, lina doa, ni dogo, limechubuka kidogo. Yanauzwa bei ya kutupa, mengine yanalishwa mifugo. Hilo parachichi lenye doa kwa mtoto halina tatizo lolote. Lina mafuta, na vitamini A ya kwenye mboga za majani inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Majani ya maboga, mchicha, matembele, haya hayanunuliwi, yanaota. Nusu parachichi na kijiko kikubwa cha majani ya maboga juu ya ugali dona na maharage yaliyolowekwa, hapo tayari huyo mtoto yuko kwenye hali nyingine kabisa, na vyote vimetoka ndani ya mkoa. Kwanini halmashauri ambazo zinatoza ushuru wa parachichi zisikubaliane na vyama vya wakulima sehemu ya yale yaliyokataliwa iende shule za jirani? Mi naamini wakulima wakiombwa kwa heshima watatoa, wengi wao ndo wazazi wa hao watoto.

Viazi lishe pia, vile vya rangi ya chungwa. Mbegu zimetolewa na watafiti wetu zaidi ya miaka kumi iliyopita, kiazi kimoja cha wastani kinamtosha mtoto vitamini A ya siku nzima, na kwenye maeneo ya joto kidogo ya mkoa huu vinakubali. Mashamba ya shule yapo, tumeyarithi tangu enzi za elimu ya kujitegemea, ila mengi yamejaa mahindi meupe ambayo vitamini A hayana. Mahindi ya njano ndo wazee wanayakataa kabisa, wanayaita yanga, wanakumbuka foleni za enzi zile, siwalazimishi. Ila kiazi hakina historia mbaya na mtu yeyote.

Alafu dagaa. B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka, inatoka kwenye vitu vya mnyama, na nyama kwa shule ya kutwa ni hadithi. Lakini mkoa wetu umepakana na Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, usipa, dagaa wa ziwa hilo, wapo, wanakaushwa, wanafika mpaka sokoni kwangu. Ukisaga wale wadogo wakavu na kuutia unga wake kwenye maharage, hata mara mbili kwa wiki, unapata B12, zinki, kalsiamu maana wanaliwa na mifupa yao, na kile chuma cha samaki ambacho mwili unakipokea kirahisi kuliko cha maharage. Watoto wachache wataguna harufu, wengi watakula, nyumbani wanakula.

Najua mtasema huo ni mzigo wa wazazi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 tulishangilia, na bado tunashukuru, ila chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa kwa mzazi, na tangazo lilivyopokelewa mtaani ni kwamba shuleni hakuna kuchangia chochote. Shule nyingi sufuria lilizimwa hapo hapo, na mpaka leo mwalimu mkuu akiita mkutano wa michango anaogopa asije akaripotiwa. Kamati ya shule inafanya nini? Inabembeleza debe la mahindi na kilo za maharage, kwasababu hivyo ndo mkulima anavyo na havionekani kama hela. Hakuna kamati itakayomwambia mzazi alete na mafuta, na dagaa, na chumvi ya pakiti. Kwahiyo mpango wenyewe ulivyo unatengeneza sahani ya wanga. Mzazi ataendelea kutoa mahindi na maharage, hilo sisi tunalibeba. Hivi vidogo, mafuta yenye vitamini A, chumvi yenye madini joto, usipa, kirutubishi cha unga, mbegu za viazi na mboga, hivi ndo halmashauri ivibebe. Ndo vyenye uzito mdogo na bei ndogo kwenye sufuria, na ndo vinavyokosekana. Lile agizo la shilingi 1,000 lipandisheni umri lifike kwa mtoto wa darasa la saba, au mlitungie dada yake, agizo jingine la watoto wa shule peke yao, ili hela ya wadogo isiguswe.

Kuhusu chumvi, kwa haraka tu. Shule inanunua ile ya kupima ya gunia kwasababu ni rahisi, inakaa wazi jikoni kwenye joto na moshi, na madini joto yanapotea. Nunueni ya pakiti, ifunikwe, itiwe mwishoni chakula kikikaribia kuiva. Nyanda za juu hizi ndo zilikuwa na matezi ya shingo kila nyumba zamani, wazee wanajua, tusirudi huko.

Minyoo ni jambo ambalo maafisa afya mnalifahamu vizuri kuliko mimi, ila mkumbuke liko pamoja na sahani. Utafiti wa watoto wa shule kisiwani Pemba miaka ya 1990 ulionyesha minyoo ya safura ndo sababu kubwa ya wao kukosa chuma, inanyonya damu tumboni. Kanda ya Ziwa kuna kichocho, na maeneo mengi kuna malaria, navyo vinapunguza damu. Dawa za minyoo zinazotolewa mashuleni zisiishie kumeza mara moja na kuondoka, siku hiyo hiyo watoto wapimwe na damu, hata wachache kwa kila darasa. Kile kimashine ni kidogo, tone moja la kidole, jibu hapo hapo. Bila kupima tutaendelea kuambiana shule ngapi zinapika na hatutajua damu imepanda au imeshuka. Na anzieni na wasichana wa darasa la sita na la saba, wanaovunja ungo, hao wanapoteza damu kila mwezi na chakula chao ni kile kile cha mtoto wa darasa la kwanza.

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni mnao, wa 2020, na unataka mlo wenye makundi mbalimbali ya chakula. Sina ugomvi na mwongozo. Ninachoomba ni kwamba zile taarifa ziongezwe sehemu ndogo ya kuandika wiki hii watoto wamekula mboga za majani siku ngapi, tunda siku ngapi, dagaa au maziwa siku ngapi, unga ulikuwa dona au umerutubishwa au sembe tupu, chumvi ni ipi. Mwalimu wa chakula anaijaza kwa dakika tano. Na kwenye tathmini ya mkataba wa lishe, mkuu wa mkoa aulizwe hayo mbele ya wenzake, kama anavyoulizwa udumavu. Viongozi wetu mnafuatilia kile mnachoulizwa, tumeliona hilo kwenye madawati na kwenye vyoo, mlipoulizwa madawati, madawati yakapatikana.

Yule binti wa jirani alipewa dawa za kuongeza damu, akapewa na za minyoo, na miezi michache baadaye mama yake anasema anabishana nyumbani mpaka kero. Sasa hivi chaki haigusi. Ila dawa zimeisha na amerudi kwenye kande ile ile.

Bajeti za halmashauri za mwaka ujao wa fedha zinaandaliwa kabla ya Julai, kwahiyo naomba majibu yaje kabla madiwani hawajapitisha, sio baada. Kama mnataka sehemu ya kujaribia, kamati yetu iko tayari. Mashine ya kusaga iko jirani na shule na mwenyewe ameshakubali kifungwe hicho kifaa, shamba la shule lipo na nusu yake tunaweza kuipanda viazi na mboga, parachichi mimi na kina mama wenzangu wa sokoni tutalikusanya. Tunachohitaji kutoka kwenu ni kirutubishi cha unga, usipa, mafuta, mafunzo ya siku mbili kwa wapishi wetu, na mtu wa kuja kupima damu za watoto mwanzo wa muhula na mwisho wake.

Mama mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Makambako, Njombe